Rivyu ya kuomba kibali cha kuishi Ujerumani kama mwanafunzi: nyota tatu, tena zimeletwa na sheria, sio na ofisi

Watu wanafanyia rivyu simu, hoteli za Zanzibar, mpaka sahani ya chipsi mayai, ila hii huduma ambayo mtu anaitafutia mamilioni na kuisubiri miezi hakuna anayekaa chini kuipa nyota, basi ngoja niifanyie mimi. Naongelea kibali cha muda cha kuishi Ujerumani, wenyewe wanakiita Aufenthaltserlaubnis, kile unachoomba ukishafika huku na visa yako ya kuingilia. Upande wangu ni wa kusoma, masters, kifungu cha 16b cha sheria yao ya ukaaji. Waliokuja kwa kazi, ndoa au Ausbildung, yani mafunzo ya kazi, makaratasi yao yanatofautiana ila foleni ni hiyo hiyo, kwa hiyo chukua la kuchukua. Mji sitautaja, ni mji wa saizi ya kati tu, na kwa stori ninazosikia kwa wenzangu wa miji mingine hauna tofauti kubwa na yao.

Nyota tatu kati ya tano. Sheria yenyewe ningeipa nne na nusu, imepangwa vizuri na inakulinda hata kama hujui kwamba inakulinda. Ofisi inayoitekeleza naipa moja na nusu. Piga wastani mwenyewe.

Kwanza tuelewane maana wengi nyumbani wanachanganya. Ile visa unayopewa na ubalozi Dar, pale Umoja House, sio kibali cha kuishi, ni ruhusa ya kuingia na kuanza. Inabandikwa kwenye pasipoti, ni aina D, mara nyingi ya miezi mitatu mpaka sita, siku hizi wengine wanapewa hadi mwaka. Ada euro 75. Tangu Januari 2025 maombi yanaanzia onlaini kwenye tovuti yao ya huduma za kibalozi, unapakia makaratasi, wanayakagua, ndio unaitwa kwenda kutoa alama za vidole na kuonyesha orijino. Hapo sina neno, imepunguza sana ile habari ya mtu kupanda basi toka Mwanza na bahasha nzito halafu anaambiwa dirishani kuna karatasi moja haipo. Hatua hiyo nyota nne, tuendelee.

Halafu kuna Sperrkonto, akaunti iliyofungwa. Hii ni bidhaa kabisa, zipo kampuni kadhaa zinaiuza na kila moja inajisifu kwamba ndio ya haraka kuliko zote. Unaweka euro 11,904 za mwaka mzima, unapewa 992 kwa mwezi, basi. Kiwango hicho kilianza Septemba 2024, kabla yake ilikuwa 934 kwa mwezi na kabla yake tena 861, kwa hiyo usikopi hesabu ya kaka aliyekuja zamani, na angalia kiwango cha mwaka wako kabla hujatuma. Kwa shilingi ni milioni thelathini na kitu na hapa ndipo safari za wengi zinaishia, tuseme ukweli, sio lugha wala matokeo ya chuo, ni hii hela. Kuna familia zinauza kiwanja. Hela inabaki yako, hakuna anayeila, ila kuiona imekaa pale huku mwenye nyumba anadai dipoziti ya miezi miwili na wewe unaruhusiwa kugusa 992 tu, inauma.

Kampuni niliyotumia mimi siitaji, ila naipa nyota mbili. Kufungua ilikuwa rahisi, dakika chache kwenye simu, barua ya kuthibitisha kwa ajili ya ubalozi ikaja vizuri. Shida ilikuja baada ya kufika. Ili waanze kukulipa hiyo 992 wanataka akaunti ya kawaida ya benki ya huku, na benki niliyoiendea ikataka kwanza cheti cha kuandikishwa anwani, na anwani sikuwa nayo bado, kwa hiyo mtu una zaidi ya euro elfu kumi na moja kwa jina lako na unahesabu senti za mkate. Niliwaandikia, wakanijibu na linki ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Mdau anayejiandaa kuja, beba hela ya kuishi mwezi mmoja na nusu hivi nje ya hiyo ya akaunti. Na ukituma toka bongo kwa benki tuma na ziada, maana benki za katikati zinakata cha kwao njiani, ukituma kamili inafika pungufu halafu hawakupi ile barua mpaka uongeze, na kuongeza nako kunakatwa.

Wanaokwepa Sperrkonto ni wenye ufadhili, wa DAAD lile shirika la Kijerumani la ufadhili wa masomo na wengineo, barua ya ufadhili inatosha kabisa. Na wapo wenye ndugu huku anayekubali kwenda kusaini Verpflichtungserklärung, yani anaahidi mbele ya serikali kwamba gharama zako ziko juu yake. Shangazi au mjomba akikusainia hiyo mheshimu sana, maana inambana miaka mitano na ukija kula hela ya serikali anayedaiwa ni yeye. Sio jambo la kumuombea mtu kwenye simu katikati ya salamu.

Sasa umefika. Karatasi mama ni anwani, hakuna kitu kinaenda bila hiyo. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie uende kujiandikisha, Anmeldung, na ili uandikishwe mwenye nyumba lazima akupe fomu iliyosainiwa kwamba kweli umehamia kwake, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi, watu wanarudishwa kila siku kwa hilo. Na ndio hapo utakutana na matangazo ya vyumba yenye bei nzuri halafu chini kabisa wameandika kwa herufi ndogo kwamba kujiandikisha hairuhusiwi. Achana nacho hicho chumba hata kama kina balkoni. Mwenye nyumba anayekataa kutoa hiyo fomu wakati unaishi kwake anavunja sheria, faini yake inafika euro 1,000, na wale wanaokuuzia anwani ambayo huishi wanacheza na faini inayofika euro 50,000, usiingie kwenye mchezo wao eti kwa sababu mtu fulani alifanya ikapita. Hosteli za Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, kwa hili ni nyota tano, fomu wanakupa pamoja na funguo, shida yake tu ni kuipata hosteli yenyewe, omba siku ile ile unapopata barua ya chuo, hata kabla ya visa.

Kujiandikisha kwenyewe ni haraka ukishapata nafasi. Ila pale kwenye fomu kuna swali la dini. Sisi tumezoea kujaza dini kila mahali, shule, hospitali, unajaza unapita. Huku ukiandika Mkatoliki au Mlutheri unaingia kwenye kodi ya kanisa, asilimia 8 ya kodi ya mapato kama uko Bavaria au Baden-Württemberg na asilimia 9 majimbo mengine yote. Ni asilimia ya kodi, sio ya mshahara, watu wanatishana bure, na mwanafunzi mwenye kazi ndogo kwa kawaida hakatwi kitu, ila siku ukiajiriwa rasmi utaiona kwenye karatasi ya mshahara. Mimi wa KKKT nimeandika kwa roho safi, bahasha nilikuwa natoa hata nyumbani. Rafiki yangu wa kwaya moja na mimi kaacha wazi na analala vizuri tu. Waislamu hawana kodi hiyo.

Baada ya hapo barua zinaanza kuja. Ujerumani barua ni barua kweli, ya posta, kwenye kisanduku chenye jina lako, na jina lisipokuwepo kwenye kisanduku posta anarudi nayo hata kama anakujua sura. Bandika jina siku ya kwanza, karatasi na selotepu inatosha. Itakuja namba ya kodi yenye tarakimu 11, itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi hata kama huna televisheni, ila inalipwa kwa nyumba sio kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa wanne ndani mnagawana. Usiitupe ukidhani ni tangazo.

Haya, ofisi ya wageni yenyewe. Ausländerbehörde. Kupata termini, yani miadi, ndio mtihani wa hii huduma nzima na ndio sehemu niliyoshusha nyota. Kuna kalenda onlaini, nafasi zinafunguliwa asubuhi kwa nyakati ambazo hakuna aliyeziandika popote, unaona saa tatu na nusu iko wazi, unabonyeza, unaanza kujaza jina, unamaliza unaambiwa imeshachukuliwa. Ni daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni, tofauti hapa hata dirisha la kuingilia halipo. Ukipiga simu inaita mpaka inakata. Ukiandika imeili unapata jibu sekunde hiyo hiyo, unafurahi, kumbe ni jibu la mashine linalosema wamepokea na usiulize tena kwa sababu kuuliza kunachelewesha. Mlangoni kuna mlinzi, kijana mpole kabisa, kazi yake ni kusema bila termini huingii. Nilimuuliza termini inapatikana wapi akanionyesha karatasi ukutani yenye anwani ya ile ile kalenda.

Na penye shida hapakosi madalali. Kuna watu wanauza termini kwenye magrupu ya Telegram, wana programu zao zinazokamata nafasi zikitoka tu halafu wanakuuzia kitu ambacho ni bure. Halafu kuna wale wa nyumbani, maejenti wa Dar, wanaokwambia wana mtu ndani ya ofisi ya Ujerumani. Hakuna mtu ndani. Nimemuona binti kalipa zaidi ya milioni moja kwa ejenti kujaziwa fomu ambayo ipo bure kwenye tovuti ya mji, tena kajaziwa jina la baba mahali pa jina la ukoo, ikabidi aanze upya.

Sasa sikiliza hili, hata ukiacha mengine yote. Unachotakiwa kuwahi sio termini, ni kuomba. Sheria yao, kifungu cha 81, inasema ukishawasilisha ombi kabla visa yako haijaisha, haki zako zinaendelea kama zilivyo mpaka watakapoamua. Hata wakichukua nusu mwaka. Hata kama tarehe kwenye visa imepita na wewe bado hujaona sura ya mtu yeyote wa ofisi ile. Inahusu walioingia na visa ya taifa ile aina D, aliyeingia na visa ya kutembea ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye visa moja, hii haimuhusu. Wabongo wengi wanapata presha tarehe ikikaribia, wengine wanaanza kutafuta tiketi ya kurudi, wakati dawa ni kutuma ombi mapema na kutunza ushahidi kwamba limefika. Miji mingi siku hizi ina fomu ya onlaini, ukimaliza unapata PDF ya kuthibitisha, iweke kwenye simu, iprinti, mtumie na mama yako. Mji usio na fomu tuma kwa posta ya rejista utunze risiti. Hii ndio maana nikasema sheria nne na nusu. Ofisi inaweza kukunyamazia miezi na bado hauko kinyume cha sheria, na kwenye nchi nyingi ukimya wa ofisi anaulipia mgeni.

Pia kabla hujapambana na kalenda uliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni. Yangu ilikuwa na utaratibu wake na ofisi ya wageni, wanakusanya mafaili ya wanafunzi wanayapeleka kwa pamoja na termini zinarudi kwa kundi. Mama aliyekuwa anashughulikia hilo nampa nyota tano na maua, alipitia faili langu ukurasa kwa ukurasa na kalamu ya penseli.

Kwenye faili kuna fomu ya maombi, pasipoti, cheti cha kuandikishwa anwani, cheti cha chuo cha muhula huo, uthibitisho wa hela, mkataba wa nyumba na bima ya afya. Bima ya umma kwa mwanafunzi wa chini ya miaka 30 inazunguka euro 140 na kitu kwa mwezi, ukishavuka 30 habari inabadilika na bei inapanda, kaka zangu mnaokuja na miaka 33 hesabuni hilo mapema. Usidanganyike na bima ya safari ya bei rahisi ile uliyoingilia nayo, kwa kibali haikubaliki. Picha tangu Mei 2025 sio ya karatasi tena, inapigwa na mpiga picha aliyeidhinishwa halafu inaenda ofisini kidijitali na wewe unapewa kikaratasi chenye msimbo wa kuskani, au kama ofisi ina mashine unapiga pale pale kwa euro 6. Zile pasipoti saizi nane ulizobeba toka Kariakoo wapelekee wajomba.

Siku ya termini yenyewe, kiukweli, ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Chumba cha kusubiri kimejaa dunia nzima, skrini inaita namba, mashine ya kahawa imebandikwa karatasi kwamba ni mbovu. Pembeni yangu alikaa dada wa Kenya, nesi, kanisikia naongea na simu akaniuliza, "Wewe ni wa Tanzania ama ni wa Mombasa?" Tukapiga stori mpaka namba yake ikaita. Yeye kaja kwa Ausbildung, ananiambia siku hizi Wakenya wanakuja wengi kwa njia za kazi na mafunzo, serikali yao ilisaini mkataba wa uhamiaji wa kazi na Ujerumani Septemba 2024, Ruto na Scholz wenyewe walikuwepo. Nikamuuliza mkataba umempunguzia foleni? Akacheka tu.

Aliyenihudumia ni mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni, mezani kaua kadogo ka plastiki na mihuri imepangwa kwa saizi. Anaongea Kijerumani tu, na ana haki, ndio lugha ya ofisi, kwa hiyo kama chako ni cha A2, ngazi ya chini bado, nenda na mtu au andika sentensi zako kabisa. Hakuniuliza habari za maisha, hakunikaripia, hakutabasamu. Alichukua kila karatasi akaipigia alama kwenye orodha yake. Ngoma ikawa kwenye vidole. Wanachukua viwili, vya shahada, na mimi kwa ile baridi ngozi ilikuwa imekauka mpaka inapauka, mashine ikakataa cha kulia, ikakataa tena, inawaka taa nyekundu na kupiga kelele. Mama akavuta droo, akatoa kopo la krimu ya mikono, akaniminyia kiasi cha punje ya mahindi, akasema reiben, nikasugua, akanipa tishu nifute, mashine ikakubali. Droo nzima ilikuwa imejaa makopo ya ile krimu, inaonekana kila mgeni wa Januari anapitia hapo. Kwa hiyo paka mafuta kabla ya kwenda, ila usipake ya nazi ukaloa, maana kidole kikiteleza napo inagoma.

Ada ni euro 100 kwa kibali cha kwanza, ukiongeza muda baadaye ni 93. Pale kwetu unalipa kwenye mashine ya koridoni halafu unarudi na risiti. Kadi inatengenezwa na Bundesdruckerei Berlin, sio pale ofisini, kwa hiyo unaondoka mikono mitupu na kusubiri wiki kadhaa. Kama visa imeisha omba Fiktionsbescheinigung, karatasi ya muda inayoonyesha kwamba uko kihalali wakati unasubiri. Mimi sikupewa mpaka nilipoomba, na hili nalihesabu kama kosa la huduma, kwa sababu mwajiri, benki, mwenye nyumba, wote wanataka kuona kitu mkononi, hawawezi kusoma kifungu cha 81 kichwani kwako.

Kadi ikifika ni kitu kizuri lazima niseme. Saizi ya kadi ya benki, ina chipu, picha yako na alama za vidole zimo ndani, na PIN ya kutumia onlaini inakuja kwa barua ya peke yake. Mimi nimepewa miaka miwili, ndio kawaida kwa wanafunzi. Masharti ya kazi yapo kwenye karatasi ya nyongeza ya kijani inayokuja na kadi, usiipoteze wala usiiache nyumbani ukienda kuomba kazi, mwajiri ataitaka. Unaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka au nusu siku 280, kiwango hicho ni cha tangu Machi 2024, zamani ilikuwa 120 na 240. Kazi ya chuoni kama usaidizi wa maabara haihesabiwi humo. Na kwa kadi hiyo pamoja na pasipoti unatembea nchi za Schengen siku 90 ndani ya kila siku 180 bila kuomba visa nyingine, unaenda Paris kumsalimia binamu wikiendi unarudi. Kwa faida hii peke yake watu wanasahau mateso ya kalenda, mimi sijasahau ndio maana naandika.

Ukihama nyumba unaandikisha upya ndani ya wiki mbili zile zile, na kwenye mgongo wa kadi wanabandika stika yenye anwani mpya. Stika tu. Nchi iliyotengeneza Mercedes inakubandikia stika kwa mkono, tena ikikaa upande wanaitoa na kucha wanabandika nyingine.

Kuna Mjerumani mmoja darasani kwetu aliyefanya kazi Arusha, akawa ananilalamikia alivyosumbuliwa Uhamiaji kupata kibali chake cha daraja B, kile cha walioajiriwa. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikamuuliza kama amewahi kuingia ofisi ya wageni ya mji wake mwenyewe. Hajawahi. Hata hajui iko jengo gani.

Kingine kwa wanaopenda kukaa nyumbani sana likizo: kibali kinakufa chenyewe ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita bila kuwa umeomba ruhusa ya muda mrefu zaidi kwao, hata kama tarehe kwenye kadi bado iko mbali. Kama una utafiti wa kufanya bongo au mgonjwa wa kuuguza nenda kawaambie kabla, upate kwa maandishi.

Na kuhusu kwenda nyumbani wakati kadi bado haijatoka, fungua ile Fiktionsbescheinigung uangalie kisanduku kilichotiwa alama kabla hujalipia tiketi. Ukiwa na alama kwenye kifungu cha 81 aya ya 4, ile ya kibali kuendelea, unatoka na kurudi na karatasi hiyo pamoja na pasipoti. Ikiwa ni aya ya 3 unaruhusiwa kukaa tu, ukitoka hurudi nayo. Hata ukiwa na aya ya 4 fika uwanja wa Nyerere mapema siku ya kurudi, kuna wafanyakazi wa kaunta hawajawahi kuiona hiyo karatasi, wa kwangu aliigeuza geuza akamuita msimamizi, msimamizi akapiga simu, na abiria wote nyuma yangu wakawa wananiangalia kama nimebeba kitu. Nilikuwa nimeprinti maelezo ya Kiingereza toka tovuti ya ubalozi, nikampa, akasoma, akanipa siti ya dirishani.